"Najua Umeme Upo. Nauliza Unakuwaje."

Baba yangu alikuwa fundi friji Ngamiani, Tanga. Alikuwa na bisibisi ndefu ya mpini wa mbao ambayo sikumwona akifungulia skrubu hata siku moja. Ncha aliigusisha kwenye kompresa, mpini akauegemeza sikioni, akafumba macho. Akishatosheka kusikiliza, swali lake la kwanza kwa mwenye friji lilikuwa lilelile: "Kwenu jioni umeme unakuwaje?"

Watu humjibu, "Upo, fundi, upo." Naye husema, "Najua upo. Nauliza unakuwaje."

Swali hilo nimekuja kulielewa ukubwani, nikiwa juu ya paa la trela kwenye jangwa la Arizona, mbele ya kiyoyozi kilichonuka vanishi iliyoungua.

Mimi ni muuguzi, naishi Phoenix na mume wangu na mtoto wetu mdogo. Huku watu wengi wana nyumba za magurudumu. Nyingine zina injini yake kama basi, nyingine ni trela za kuvutwa. Yetu ni ya kuvutwa, urefu futi 24, ya mwaka 2014, tuliinunua mkononi mwa mzee mmoja aliyechoka kusafiri. Ina vitanda, jiko la gesi, choo, na juu ya paa kiyoyozi kimoja cha BTU 13,500 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza). Ndani ya trela kiyoyozi si anasa. Kuta ni nyembamba, paa liko juani kutwa nzima. Na Phoenix mnaisikia habari zake: mwaka 2023 ilipitisha siku 31 mfululizo joto likifika au kupita nyuzi 43. Tuliinunua ili wakati wa joto tukimbilie milimani, na zaidi ya hapo kwa sababu Mama alikuwa anakuja kutoka Tanga kumwona mjukuu. Mama ana presha. Nilitaka alale vizuri popote tutakapompeleka.

Safari ya kwanza ya majaribio tulienda mwezi wa Mei, Mama hajafika bado, kwenye kambi moja yenye nguzo za umeme. Ni kama maegesho: kila trela na nguzo yake, unachomeka waya wako mnene, basi. Asubuhi mambo yalikuwa mazuri. Ilipofika saa kumi jioni, kila mtu amerudi kutoka matembezini na kila kiyoyozi kinafanya kazi, taa zetu zikaanza kufifia. Kiyoyozi kikajizima, kikajaribu kuwaka tena, kikatoa mngurumo wa chini chini kama gari linalosukumwa matopeni. Mmm. Kimya. Mmm. Kimya. Kisha harufu.

Nilisubiri mpaka saa tatu usiku, yaani saa moja asubuhi ya Tanga, nikampigia Baba.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti hiyo?"

Nikamweleza. Hakuniacha nimalize. Aliuliza, "Jioni umeme wa hapo unakuwaje?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nimekulia kwenye nyumba ambayo friji, televisheni na hata redio vilipita kwanza kwenye frijigadi, kile kidude chenye taa nyekundu, ya njano na ya kijani. Halafu nikaja Marekani, nikaamini kwamba umeme wa huku haupungui. Trela nzima nikaichomeka moja kwa moja kwenye nguzo ya watu, bila hata kupima.

Wacha nieleze jambo lenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapokosea, na Tanga ni hivyohivyo na Arizona ni hivyohivyo. Umeme ukikatika kabisa, kompresa inasimama tu, haidhuriki. Umeme ukipungua, mota inaendelea kujaribu. Nguvu yake ya kuzungusha hushuka haraka kuliko volti zenyewe: umeme wa huku ni volti 120, ukishuka hadi 100 mota inabakiwa na kama asilimia 69 tu ya nguvu yake ya kuanzia. Gesi iliyomo ndani imeshabanwa na inaisukuma kurudi nyuma, nayo haina nguvu ya kuishinda. Mota iliyokwama inavuta ampea nyingi mno, na ampea zote hizo zinageuka joto ndani ya koili. Vanishi inayozitenga nyaya inaungua, nyaya zinagusana, mchezo umekwisha. Watu wengi huku wananunua kifaa cha kuzuia radi, wakadhani wamejikinga. Radi inaweza isipige kambini mwaka mzima. Saa kumi jioni inafika kila siku.

Kiyoyozi kipya pamoja na kukifunga kilitugharimu dola 1,400. Kabla hakijafungwa nilinunua kinga kamili kwa karibu dola 280. Ile yetu ni ya plagi ya ampea 30. Volti zikishuka chini ya 104 au zikipanda juu ya 132, inakata. Inakagua pia kama ethi, ule waya wa usalama, ipo na kama nyaya hazijageuzwa, na ndani yake kuna kinga ya mruko wa umeme wa ghafla. Ikishakata, au ukiichomeka upya, inasubiri sekunde 136 ndipo iruhusu umeme. Baba alifurahi sana niliposoma hiyo namba kwa simu. Ndiyo ile taa ya njano, alisema. Gesi inahitaji muda itulie pande zote mbili, kompresa isianze na mzigo mgongoni. Alikuwa anatufokea tukichomoa friji na kuichomeka papo hapo.

Kupima nako kulijilipa kabla hata hatujatoka nyumbani. Tuliita fundi umeme atuwekee soketi ya trela ubavuni mwa nyumba. Soketi ya ampea 30 ya trela ina matundu matatu na ni ya volti 120. Fundi huyo alikuwa amezoea mashine za kukaushia nguo, ambazo nazo ni za ampea 30 lakini za volti 240, akafunga hivyo. Nilipima kwa multimita kabla ya kuchomeka chochote: 241. Nakiri kwamba kwa sekunde moja sikushtuka, maana kwa jicho la mtu wa Tanga namba hiyo ndiyo umeme wa kawaida. Sekunde ya pili nikaona ningekaanga kila kilichomo: maikrowevu, chaja ya betri, kiyoyozi kipya. Tukamwita tena akarekebisha. Kosa hili si la fundi mmoja, linajirudia sana nchi hii. Kama una trela, pima mwenyewe, hata kama aliyekufungia ana leseni ya ukuta mzima. (Trela kubwa za ampea 50 ni habari nyingine. Zenyewe zinapokea laini mbili za volti 120, na nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, ikikatika volti zinagawanyika ovyo, upande mmoja unaweza kupanda vibaya. Kinga ya kukagua nyutro kwao ni lazima.)

Sasa jenereta. Sehemu tunazozipenda hazina nguzo: ni msituni, kwenye ardhi ya umma ambapo unaruhusiwa kukaa hadi siku 14 bila malipo. Nilinunua jenereta moja ya inveta, yaani ile inayosawazisha umeme wake kielektroniki, ya kubebeka kwa mkono mmoja, kilo kama 21. Ubavuni imeandikwa 2200. Soma maandishi madogo: wati 2,200 ni za dakika chache tu. Za kufanya kazi muda wote ni 1,800.

Kiyoyozi chetu kikishaanza kinavuta ampea 13 hivi, karibu wati 1,500. Kwa hesabu ya karatasi, jenereta inatosha. Tatizo ni pale kinapoanza. Nilipima kwa klampu mita, kipimo kinachobana waya na kusoma ampea, inayonasa kilele: ampea 57. Ni kufumba na kufumbua, lakini jenereta ya inveta haina huruma na kufumba na kufumbua. Taa nyekundu ya mzigo kupita kiasi ikawaka, umeme ukakatika, injini ikaendelea kunguruma kama vile hakuna kilichotokea. Ndivyo zilivyo: zinakunyima umeme lakini hazizimi. Wa kwanza kuona hivyo hudhani waya ndio umekatika.

Jirani yetu alinishauri ninunue jenereta kubwa ya ujenzi ya wati 7,000. Zipo, ni rahisi kwa bei, na zinapiga kelele za kukutia aibu mbele ya msitu mzima. Sikutaka. Na Baba, nilipomwambia namba 57, alisema kitu ambacho nimekiandika kwa kalamu ndani ya mlango wa kabati la trela: "Usiongeze punda, punguza mzigo wa kuanzia."

Kifaa cha kupunguza huo mzigo kipo, wanakiita softistata. Ni kisanduku kidogo kinachofungwa ndani ya kiyoyozi, kati ya waya na kompresa. Badala ya kuipa mota umeme wote kwa kishindo, kinaupandisha polepole kwa sehemu ya sekunde, na mara chache za mwanzo kinajifunza tabia ya kompresa yako. Nilikifunga mwenyewe juu ya paa, saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijachoma, simu nimeiegemeza kwenye boksi la vifaa, Baba akiangalia kutoka Tanga. Akanionya kabla sijagusa: kapasita kwanza, itoe chaji, hata kama umechomoa kila kitu. Nyaya nne. Nilichukua dakika hamsini, kumi na tano kati ya hizo Baba akinitaka nisogeze kamera aone vizuri alama za C, S na R za nyaya za kompresa. Ile klampu mita ikasoma kilele cha ampea 22. Kutoka 57! Jenereta moja ikakiwasha kiyoyozi bila kulalamika. Nililia kidogo pale juu, sijui kwa nini.

Mama akafika mwezi wa Juni. Tukampandisha Flagstaff, kwenye misonobari, futi 7,000 juu ya bahari, yaani kama mita 2,100. Usiku kule unavuta blanketi mbili. Mchana, hata hivyo, jua la milimani linapiga paa la trela moja kwa moja, na kufikia saa nane ndani kulikuwa nyuzi 36. Mtoto alikuwa na miezi minne. Nikawasha jenereta, kiyoyozi kikaanza vizuri, nikashukuru. Baada ya dakika kumi, taa nyekundu. Nikawasha upya. Dakika nane, taa nyekundu. Mama akakaa mlangoni na mjukuu, anampepea kwa gazeti, ananiambia, "Usijisumbue mwanangu, hewa ya hapa nje yatosha." Mama yangu hata akiungua atasema yatosha.

Nilikuwa nimesahau mlima. Injini ya petroli inahitaji hewa, na juu hewa ni nyepesi. Hesabu ya kawaida ni kupoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Mara saba, ni karibu robo. Jenereta yangu ya wati 1,800 pale juu ilikuwa ya 1,360 hivi, na kiyoyozi kinataka 1,500. Juu yake tulikuwa na chaja ya betri, ambayo baada ya usiku wa kutumia taa na feni ilikuwa nayo inavuta mamia ya wati bila mtu kujua. Nikazima breka ya chaja, nikahamisha friji na hita ya maji kwenye gesi. Ikasaidia kidogo, ikawa inakata baada ya dakika ishirini badala ya kumi. Siku hiyo tulimalizia mchana chini ya mti.

Kwa hiyo ikabidi jenereta ya pili. Hapa sikuwa naenda kinyume na Baba. Mzigo wa kuanzia nilishaupunguza, uliobaki ulikuwa mzigo halisi. Uzuri wa inveta ni kwamba mbili za aina moja zinaungana kwa waya maalumu, zinalinganisha mawimbi yao zenyewe na kugawana kazi. Usijaribu jambo hilo kwa jenereta za kawaida zisizo za inveta, zitaharibiana. Mbili zetu kwa pamoja zinatoa wati 3,600 chini bondeni, na kule Flagstaff kama 2,700. Kila moja inafanya kazi nusu, kwa sauti ya chini, na tangi la lita 3.6 linatuchukua muda wa saa tano hivi. Ningeweza kununua moja kubwa zaidi ya inveta, lakini mgongo wangu wa muuguzi umeshanyanyua watu wa kutosha. Mbili za kilo 21 naziweza.

Nilipoziunganisha mara ya kwanza kupitia ile kinga, kinga ikakataa. Kioo kikaonyesha E2: hakuna ethi. Jenereta mpya, waya mpya, na kinga inasema hapana. Nilitumia jioni nzima juu ya hilo. Nyumbani, nyutro na ethi zimefungwa pamoja kwenye boksi kuu la umeme. Trela yenyewe hairuhusiwi kuzifunga, inategemea huko umeme unakotoka. Jenereta hizi ndogo za inveta zinaacha nyutro ielee, haigusani na ethi, kwa hiyo kinga inatafuta ethi yake haioni. Dawa ni plagi ndogo ambayo ndani yake nyutro na ethi zimeunganishwa. Inachomekwa kwenye soketi ya ziada ya jenereta moja, si zote mbili, na isitumike kamwe kwenye nguzo ya kambi wala soketi ya nyumba. Yetu nimeizungushia utepe mwekundu na inakaa kwenye mfuko wa jenereta. Wapo wanaoruka kikwazo hiki kwa kuiondoa kinga wakiwa kwenye jenereta. Mimi siwezi. Jenereta inayokaribia kuishiwa mafuta ni chanzo cha umeme unaoyumba, na huo ndio ulioniunguzia kompresa.

Waya nao una habari yake. Tulikuwa tunatumia ekstensheni ya bustani, nyembamba, futi 50, ili jenereta zikae mbali. Waya namba 14 wa urefu huo, kwenda na kurudi, una ukinzani wa kama robo omu. Ampea 57, zile za kabla ya softistata, zikipita hapo unapoteza volti 14 palepale kompresa inapozihitaji kuliko wakati wowote. Tukanunua waya mnene wa namba 10 (namba ikipungua, unene unaongezeka). Ni mzito, unakunjika kama chatu, lakini volti zinafika.

Na kuhusu hiyo "mbali": hapa naongea kama muuguzi. Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi. Dalili zake ni kichwa kuuma na kichefuchefu, kama mafua, na aliyelala haamki kusema kichwa kinamuuma. Sisi tunaweka jenereta mita sita au zaidi, bomba la moshi limetazama kule kusiko na trela, yetu wala ya mtu mwingine. Upepo ukigeuka nazihamisha. King'ora cha hewa hiyo kilichokuja na trela yetu kilikuwa cha mwaka uleule wa 2014, kilishapita umri wake ingawa taa ya kijani ilikuwa inawaka. Nilikitupa, nikaweka viwili vipya, kimoja karibu na kitanda cha Mama. Mafuta najaza injini zikiwa zimezimwa na kupoa. Na msituni hakikisha bomba lina wavu wa kuzuia cheche. Misitu ya taifa inaudai, na ukiiona ile misonobari mikavu ya Juni huhitaji kuambiwa sababu.

Tulirudi Flagstaff wiki mbili baadaye. Saa nane mchana nikawasha zote mbili, nikazima hali ya kuokoa mafuta, inayopunguza mwendo wa injini mzigo ukiwa mdogo, mpaka kompresa ianze, nikahesabu sekunde 136 mtoto akiwa begani. Kinga ikaonyesha 119. Kiyoyozi kikaanza kwa sauti ya mtu anayevuta pumzi. Nikairudisha ile hali ya kuokoa mafuta. Saa moja baadaye ndani kulikuwa nyuzi 25, na Mama amelala kwenye kochi na kanga yake usoni, mtoto kifuani mwake.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Tanga ilikuwa saa saba usiku wa manane, saa ya kutompigia mzee. Nilipiga. Alipokea mlio wa kwanza, maana nilimwambia kwamba leo tunajaribu. Hakuuliza habari za safari. Alisema nizime kwanza, nisubiri, niwashe tena, simu niiweke karibu na tundu la hewa.

Nikafanya hivyo. Sekunde 136 za Baba na mimi kutosema neno. Kikawaka.

"Rudia," alisema.

Nikarudia. Nilimsikia anapumua kule upande wa pili, na nikajua amefumba macho.

"Haijakwama," akasema. "Volti ngapi?"

"Mia na kumi na tisa, Baba."

"Na mama yako?"

"Amelala."

"Basi usiizime tena, utamwamsha."